Mate kwenye Sufu

Bibi Zoitsa alitema mate kiganjani, akalaza ncha mbili za uzi juu yake, akaanza kuzisugua kwa nguvu.

Poliksena aligeuza uso.

"Jamani, mmeona?" alinong'ona Urania, aliyeketi kando yake. "Anaunga uzi kwa mate!"

"Ndivyo sufu inavyoungwa," alisema bikizee, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko walivyodhani. "Fundo linamchoma mgonjwa mgongoni. Mate hayamchomi mtu."

Wanawake wale walikutana kila Jumatano katika ukumbi wa kanisa, hapo Volos, Ugiriki, kufuma mashali kwa masalio ya sufu: vibonge vilivyobaki kwenye droo za shangazi waliokufa, sweta kuukuu zilizofumuliwa, nyuzi za rangi zisizopendwa na mtu. Mashali yalipelekwa bure kwa wagonjwa wa kifua hospitalini. Kahawa ilinywewa, watu walisengenywa, sindano za kulabu zikaenda.

Baada ya Krismasi akajitokeza Bibi Zoitsa. Hakuna aliyemwalika. Alikuja na gauni jeusi linalonuka mafuta ya kondoo, kucha zenye weusi usiotoka, na kikohozi alichokimalizia ndani ya leso, kisha akaichungulia leso yenyewe. Alikuwa mtu wa milimani, wa wale wachungaji wa kondoo ambao watu wa mjini huwaigiza lafudhi yao wakitaka kucheka.

Poliksena hakuweza kumtazama akila. Bikizee alichovya biskuti kwenye kahawa, akaifyonza kwa ufizi, makombo yakamganda kidevuni, na kwa vidole vilevile akarudi kwenye sufu.

"Kula na wewe, Bi Poliksena," alisema, akimsogezea sahani. "Uso umekupauka."

"Nimeshiba."

"Utashibaje na tumbo tupu?"

Urania akaangua kicheko. "Bibi, mwache mwenzako! Huyu kalelewa Aleksandria, marehemu mama yake alikuwa mwalimu wa piano. Hayajui mambo ya zizini."

Bikizee akamtazama Poliksena kitambo.

"Mungu amrehemu mama huyo," akasema, na akatema mate tena kiganjani.

Poliksena akasimama. Alilinyakua shali la bikizee kwa ncha za vidole, kama mtu anayeinua panya mfu kwa mkia. Lilikuwa limekaribia kwisha, kahawia na kijani na rangi ya chungwa, bila fundo hata moja. Harufu ya mwanamke yule ilimjia puani.

"Haya ni ya wagonjwa wa kifua!" alifoka. "Unataka kuwaua kwa uchafu wako?"

Akafungua mlango wa jiko la kuni, akalisokomeza ndani. Sufu ikanyauka, ukumbi ukajaa harufu ya nywele zilizoungua. Mtu akakimbilia dirisha.

"Toka," alisema Poliksena. "Na usirudi tena. Kila unachogusa unakichafua."

Bikizee alibaki na sindano yake mkononi. Aliokota vibonge vyake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akajifunga kilemba vizuri, akaondoka.

"Umezidisha, Poliksena," alisema mmoja wao kwa sauti ya chini.

"Amezidisha nini?" Urania akadakia. "Wenye kulaumiwa ni watu wake, wanaomwacha kikongwe azurure hivyo. Hata haya hawana! Hivi huyu ni wa nani?"

"Nitajuaje?" alisema Poliksena.

Akaenda kunawa. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, lakini kinyaa hakikutoka. Hakuingoja kahawa ya pili. Alivaa koti, akazunguka barabara zenye matope mpaka giza likaingia, bila kumsalimia mtu, akapanda ngazi za nyumbani kwake na kufungua mlango kwa ufunguo.

Supu ilikuwa ikichemka.

"Vua viatu, nimetoka kupiga deki," ilisema sauti kutoka jikoni, na Bibi Zoitsa akatokea akijipangusa mikono. "Umeona, binti yangu? Hata uliponifukuza, sikuwaambia kwamba nilikuzaa."