Banda Lililobaki na Sauti

Leokadia alilivamia banda la Gaudensi, mikono bado ina udongo wa shimo alilomfukia nguruwe wake wa kumi na moja.

"Toka nje! Toka tuonane!"

Nyuma yake walikuja wafugaji wengine wanne wa bonde lile la nyuma ya mtaa wa Mpendae. Wote walikuwa wameshafukia. Mabanda matano yalikuwa kimya. La Gaudensi tu ndilo lililokuwa likikoroma kwa shibe, na sauti ile ndiyo iliyomtia Leokadia wazimu.

Gaudensi akatoka na mwiko mkononi. "Kuna nini, dada?"

"Usiniite dada! Wetu wamekwisha kwa homa, wako wanatafuna. Umetuletea maradhi na makombo yako ya hoteli za Mji Mkongwe!"

"Makombo nayachemsha mpaka yanakuwa uji. Hata sasa yapo motoni."

"Muongo! Jike langu lilipoanza homa, si nilikwenda kumleta bwana wa chanjo? Akaanza na langu. Kisha nikampitisha banda kwa banda, namshikia masikio nguruwe mmoja mmoja huku yeye anadunga. Wenzako wote walikubali. Wewe ukafunga mlango, eti hutaki mgeni kwa wanyama wako. Ndio maradhi yakapata pa kupenya!"

"Kweli kabisa!" wakaitikia wenzake. Mmoja wao akainama, akaokota jiwe.

Vespa ikasimama njiani. Alikuwa Ulfat, daktari wa mifugo, ambaye Leokadia alimpigia simu tangu asubuhi.

"Afadhali umefika, daktari! Mfungie banda huyu! Chinja wote! Sisi tumefanya kila linalotakiwa, na huyu mmoja ametumaliza!"

Leokadia alikuwa analia sasa, kwa hasira, bila ya kujifuta. Jike lile ndilo lililomlipia mwanawe ada ya chuo. Alitaka mtu alipe. Alitaka kumwona Gaudensi naye anachimba.

Ulfat hakuuvuka uzio. Aliwatazama wote watano, kisha akamgeukia yeye.

"Bi Leokadia, homa hii chanjo yake hatuna. Ofisini kwetu hakutumwa mtu. Huyo bwana alikuja na sindano ngapi?"

Leokadia alifungua mdomo kwa ukali ule ule, lakini ukali ukamponyoka.

"Moja," akasema. "Ile ile, tangu kwa jike langu."