Ukoko wa Mzee Hemedi

Tabia za marehemu hugawiwa warithi usiku wa arobaini, wakiwa wamelala, na hakuna ajuaye amepata ipi mpaka imtoke mwenyewe. Ndiyo sheria. Kwa hiyo asubuhi hiyo Bi Mwantumu, mjane wa Mzee Hemedi, aliamka mapema na kukaa sebuleni, hataki kupitwa na kitu.

Mwanawe Mbaruku alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, vilevile kama baba yake. Salha, mjukuu, alimimina chai kwenye kisosi, akaivuta kwa kelele, kisha akajishika mdomo kwa aibu. Bi Mwantumu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini ile moja aliyoingojea haikuonekana. Tangu waoane, Mzee Hemedi hakuwahi kula ukoko wa wali. Aliuweka pembeni ya sahani, kisha akamsukumia mkewe, kwa vile alijua anavyoupenda.

Mchana walipoketi mezani, bibi aliwakodolea macho.

"Mama, mbona unatuhesabia matonge?" Mbaruku alilalamika, huku anatafuna ukoko wake. Salha naye hakubakiza hata punje.

"Basi imepotea njiani," Bi Mwantumu alinung'unika. "Labda wameipeleka nyumba ya watu."

"Bibi," Salha akamwuliza, "na huo wako unamwekea nani?"

Bi Mwantumu akatazama chini. Ukoko wake ulikuwa mzima, pembeni ya sahani, na mkono wake ulikuwa tayari unaisukuma sahani hiyo kuelekea kwenye kiti cha mumewe.