Kilo Nane na Nusu

"Sasa mtie mume wangu humo," bibi alisema, akionyesha kompyuta kwa kidole.

Mtaalamu wa picha za mifupa hospitalini alishangaa. Binti wa bibi, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akacheka. "Mume wake ndiye huyu mjukuu. Ana kilo nane na nusu."

Tangu bibi avunjike mkono kwa kuteleza tu, binti hakumwachia mtoto. Alimweka mapajani mwa bibi huku yeye mwenyewe kamshikilia.

Kwenye kompyuta palikuwa na pingili ya mgongo wa bibi, iliyopigwa picha asubuhi hiyo, imegawanywa vipande vidogo vidogo kama vibonge vya sukari. Mtaalamu alieleza kwamba kompyuta huubebesha mfupa mzigo, na panapoelekea kuvunjika hugeuka pekundu. Akaandika uzito wa mtoto.

Pingili ikabonyea kidogo. Rangi ya njano ikaanza kupanda ukingoni. Binti akakaza fundo la mbeleko.

Njano ikapanda, ikapanda, ikakomea hapo, bila kufika nyekundu.

"Usimwinue kutoka chini," mtaalamu alisema. "Kaa, upewe. Lakini mgongo huu unambeba."

"Umesikia, mama?" bibi alimwambia binti yake. "Mimi si yai."

Alikuwa ameshakaa, mikono ameinyoosha.

Binti alifungua fundo la mbeleko. Akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, akasita, kisha, kidole kimoja kimoja, akaachia.