Wimbo wa Kumlishia Mzee Mbwana

Mwaka ule kuta za nyumba, ambazo husikiliza nchi nzima ikiimba jikoni, ziliuchagua wimbo wa Bi Mwantumu uende kwenye mashindano ya mataifa. Mtaa ulishangilia. Yeye hakushangilia, maana wimbo ukichaguliwa hauimbwi tena majumbani hadi mashindano yapite. Ukuta ukiusikia, nchi inaondolewa mashindanoni. Na mumewe, Mzee Mbwana, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, hakuwa akila mpaka aimbiwe huohuo.

Bi Mwantumu alijaribu kumwimbia wimbo mwingine.

"Huo wa matanga," mzee alisema, akafumba mdomo. "Kafa nani?"

Bi Mwantumu alicheka hadi kijiko kikatetemeka, lakini wiki tatu zilipopita mashavu ya mzee yalikuwa yamebonyea.

Alasiri ya mashindano alimkalisha mbele ya televisheni na bakuli la uji. Msichana aliyeiimbia nchi yao alipouanza wimbo ule, mzee alifungua kinywa kama kinda. Alimaliza bakuli zima.

"Unamwona mke wangu?" mzee alimnong'oneza Bi Mwantumu. "Hata jikoni huimba hivyohivyo."

"Namwona, Baba Hadija. Mzuri kweli."

Asubuhi iliyofuata wimbo ulikuwa huru. Bi Mwantumu alikoroga uji, akaanza kuuimba kwa sauti ileile aliyomwimbia tangu walipooana. Mzee alimshika mkono kwa upole.

"Basi, binti yangu," alisema, akiitazama televisheni iliyozimwa. "Mwachie mwenyewe."