Mlinzi Aliyesikiliza Vifua

Mwaka ule wa kikohozi, wanyama walimkabidhi Nguchiro lango la kisima, kwa kuwa yeye hatulii wala hasinzii. Kila aliyekuja kunywa maji, Nguchiro alimwekea sikio kifuani. Anayekohoa alirudishwa; asiyekohoa alipita.

Baada ya mwezi hakukuwa tena na aliyekohoa. Lakini wanyama wakaanza kuanguka kwa homa, mmoja leo, wawili kesho. Nguchiro akawa haketi, huku na huko, roho juu.

"Nani amepenya langoni kwangu?" akamfokea Konokono, aliyekuwa akiufuatilia ugonjwa ule tangu siku ya kwanza.

"Hakupenya mtu, bwana mkubwa. Ugonjwa unazaa, na watoto wake hawafanani. Wapo wenye kelele, wapo wakimya. Wenye kelele umewafukuza wewe. Wakimya ukawafungulia lango, nao wakazaana."

"Mbona vifuani mwao sisikii kitu?"

"Kinachosikika umekifukuza chote; kilichobaki ni kisichosikika."

"Basi nitamsaka aliyeuleta huo ugonjwa mkimya," Nguchiro akapandisha sauti, "nimtoe leo hii!"

Konokono alikuwa amekwenda kwa kila mgonjwa, akamuuliza alikutana na nani. "Wote wanamtaja mmoja," akasema taratibu. "Yule aliyewawekea sikio kifuani."

Nguchiro akajishika kifua. Kilikuwa kimya kabisa.

Akatoka, akajifungia nje ya lango, akakaa peke yake mbali na kila mnyama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatulia tuli.