Kanga ya Maziko

Asubuhi ya kumzika rais mstaafu, balozi wa mtaa aligawa kanga zenye picha yake. Mama Tunu alipomwona binti yake akitoka uani, alishtuka. Tunu alijifunga kanga hiyo kiunoni, na uso wa marehemu ulikuwa umekaa sawasawa kwenye makalio.

"We Tunu! Mzee umemweka wapi?"

"Kwenye kukaa, mama, kama alivyomkalisha baba bila kazi. Si yeye aliyefungua mipaka, vitambaa vya nje vikajaa, kiwanda cha kina baba kikafa?"

"Na mitumba niliyouza nikakulisha wewe, iliingilia wapi? Si mipaka hiyo hiyo?"

"Haya. Lakini si ndiye aliyeturuhusu kusema? Basi leo nasema."

"Aliyeruhusu amekufa, mwanangu," Mama Tunu alisema, kwa sauti ya uchovu. "Hawa waliobaki hatuwajui. Usidhani askari hawaelewi kanga, nao wana wake nyumbani."

Tunu akacheka. "Baba akiniona atafurahi."

"Baba yako yuko barabarani tangu alfajiri. Analia kama mtoto."

Kicheko kikakatika. Ving'ora vya msafara vikaanza kusikika kwa mbali. Mama Tunu akapiga magoti, akalegeza fundo, akaanza kuizungusha kanga ili uso uje mbele. Tunu akaishika. Hakuvuta, ila hakuachia. Uso wa Mzee ukabaki nyongani, jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma, na ving'ora vikizidi kusogea.