Nani Mwenye Kiti?

Siku hizi kiti cha fahari hakilainiki mpaka kimjue mwenyewe. Akikaa asiye mwenyewe, sponji inakaza kama tofali. Haya, tumezoea. Lakini niambieni, mimi mstaafu wa reli mwenye kiuno kibovu nimekosa nini?

Binti yangu alininunulia kiti cha wacheza gemu, nicheze bao kwenye skrini bila maumivu. Kilipowashwa mara ya kwanza nilikuwa naoga. Kikauliza, "Nani mwenye kiti?" Mke wangu Mwanahawa, asiyejua kudanganya hata kifaranga, akajibu, "Mwenyekiti ni Bwana Kidunda, nyumba ya tatu kutoka hapa."

Basi! Nikikaa mimi, tofali. Akija mwenyekiti wa mtaa, anazama kwenye sponji mpaka kwapani, ngozi inampa joto na mgongo unakandwa. Sasa anakuja kila jioni.

"Mzee mwenzangu, usisimame, vuta kigoda," aliniambia jana.

"Kigoda? Nyumbani kwangu?"

"Sasa nifanyeje, na kiti kimenichagua?"

"Afadhali kiti. Sisi mtaani hatukukuchagua!"

Akacheka, akajinyoosha. Nimewalalamikia waliokitengeneza, wanasema kiti chao hakikosei.

Leo limeletwa godoro la sponji ileile. Tulipomaliza kulitandika, likauliza kwa upole, "Nani mwenye nyumba?"

Sisi hapa ni wapangaji. Mwanahawa akafungua mdomo ajibu. Nikamziba kwa kiganja, na mpaka sasa sijathubutu kukiondoa.